Kijana wetu ni mrushaji wa besiboli, maskauti wanauliza "bei" yake. Asaini akimaliza sekondari au aende chuo?

Mama Salim (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Naomba mawazo yenu, hasa nyie mlioko Marekani wenye watoto kwenye michezo. Sisi ni watu wa Tanga, tulikuja Texas kwa bahati nasibu ya grinikadi mtoto akiwa darasa la pili. Besiboli hatukuijua kabisa, baba yake ni Coastal Union damudamu. Kijana alianza kucheza na wenzake wa mtaani, makocha wakauona mkono wake, wakamfanya mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji. Sasa ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, futi 6 na inchi 3, anarusha kwa mkono wa kulia. Tangu kiangazi kilichopita rada inasoma maili 92 mpaka 94 kwa saa.

Kuna chuo kimempa ufadhili na ameshakikubali. Lakini tangu mwezi wa tisa maskauti, wale wasaka vipaji wa timu za MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, wanapishana sebuleni kwetu. Ni waungwana, wanakunywa chai, wanaulizia familia, na mwishoni wote wanafika palepale: mnataka kiasi gani ili asaini asiende chuo? Mmoja akataja dola 150,000. Baba yake anafanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, ile namba imemkaa kichwani. Mimi nataka mtoto asome. Mwenyewe angeambiwa aondoke kesho alfajiri, angekuwa ameshafunga begi usiku huu.

Kuna na bwana mmoja anajiita mshauri, ametuachia karatasi tusaini ndani ya wiki hii. Tena kocha wa timu yake ya nje ya shule anamtaka kwenye mashindano ya Desemba na Januari ili maskauti wasimsahau. Mimi ningependa apumzike kidogo, maana siku hizi akitoka mchezoni anaomba barafu ya kiwiko, na asubuhi namwona anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Yeye anasema warushaji wote wako hivyo.

Maswali yangu: tuwajibu nini kuhusu bei? Huyu mshauri tumsainie? Na akikataa kusaini sasa, nafasi ndiyo imekwenda?

Mjomba wa Phoenix

Dada, hongereni kwa malezi. Mimi nafundisha watoto besiboli huku Arizona, ngoja nikueleze drafti, yaani siku timu za MLB zinapochagua vijana kwa zamu, inavyokwenda, maana mengi ya hofu yenu yanatokana na kutoelezwa.

Inafanyika Julai, raundi 20. Kijana aliyemaliza sekondari hapa Marekani anaruhusiwa kuchaguliwa. Akichaguliwa asisaini, akaingia chuo cha miaka minne, hachaguliwi tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akienda chuo cha miaka miwili, anaweza kuchaguliwa hata mwaka unaofuata. Kwa hiyo nafasi haipotei, inasogea mbele.

Sasa hiyo 150,000. Kila chaguo la raundi 10 za kwanza lina bei elekezi iliyopangwa na ligi, na jumla ya bei hizo ndiyo mfuko wa timu kwa mwaka huo. Timu ikizidisha mfuko inatozwa kodi, ikizidisha kupita asilimia 5 inapoteza na chaguo lake la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata. Lakini kuanzia raundi ya 11, dola 150,000 za kwanza kwa kila mchezaji hazihesabiwi kwenye mfuko huo. Umeona ilikotoka? Skauti hakukaa akampima mwanao akapata 150,000. Amekutajia kiasi ambacho timu inaweza kukitoa bila kugusa mfuko. Akitaka zaidi ya hapo lazima wabane kwingine, na hapo ndipo mtajua kama wanamtaka kweli.

Kwa hiyo namba mnayo nyie. Kaeni watatu, mkubaliane kiasi ambacho chini yake anakwenda chuo bila mjadala, mkiandike, na kila skauti apewe jibu hilohilo. Wakishajua mnapindishika, watawapigia simu siku ya drafti wenyewe, mnapewa dakika chache za kuamua na mtoto analia chumbani. Msifike huko.

Fundi Kasongo, Dallas

Mama, jambo. Mimi niko na mawazo mengine, musinikasirikie. Tulikuja huku wakimbizi, tunajua pesa ya leo. Chuo hakikimbii, lakini mkono unaweza kuvunjika mwaka wa kwanza wa chuo, na hapo hakuna anayekulipa. Wachukue hiyo pesa, walipe deni la nyumba, mtoto acheze. Watu wanasema elimu, elimu, mimi nina shahada ya Lubumbashi na niko naendesha lori.

Ila kitu kimoja: wasisaini bila masomo kuandikwa ndani ya mkataba. Timu za MLB zina mpango wa kulipia chuo kwa kijana aliyesaini kutoka sekondari, munakubaliana idadi ya semesta na dola za kila semesta. Akiacha besiboli anatakiwa aanze kusoma ndani ya miaka miwili. Mudai semesta zote nane.

Dada Nesi, Minneapolis

Mama Salim, hebu tusimame kidogo. Wenzangu wamejibu ya pesa, sawa, lakini mimi nimesoma mstari wa mswaki nikarudi kuusoma tena. Mtoto wa miaka 17 anayeshindwa kupiga mswaki kwa mkono anaotumia siku zote hana "kawaida ya warushaji". Nafanya kazi wodi ya mifupa, hawa vijana nawaona wakishaletwa.

Muulize, baba yake asiwepo na kocha asiwepo: maumivu yako upande wa ndani wa kiwiko? Yanakuja anaporusha kwa nguvu, au hata akiwa amekaa? Kidole cha pete na kidole cha mwisho vinapata ganzi? Kasi imeshuka, au mpira unamtoroka kwenda juu? Akijibu ndiyo hata kwa moja, asirushe tena hata mpira mmoja mpaka aonwe na daktari wa mifupa wa michezo. Siyo daktari wa kawaida wa familia, na siyo mtu wa mazoezi wa timu.

Upande huo wa ndani ndiko iliko ligamenti inayoshika kiwiko. Ikikatika, upasuaji wake ndio ule unaoitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974, na Dkt. Frank Jobe kule Los Angeles. Watu wanausema kirahisi kana kwamba ni kung'oa jino. Mrushaji anakaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kurudi, na wapo wasiorudi walivyokuwa.

Na huo uchovu msiuchukulie poa. Utafiti uliotoka Birmingham, Alabama, mwaka 2006 ulilinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wazima. Waliokuwa wakirusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka, uwezekano wao wa kuishia kwenye upasuaji ulikuwa mara 36. Waliorusha kwa zaidi ya miezi minane ya mwaka, mara 5. Halafu mtu anataka arushe Desemba na Januari!

MLB wenyewe pamoja na USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani, wametoa mwongozo unaitwa Pitch Smart, uko wazi mtandaoni. Kwa miaka 17 na 18, mwisho ni mipira 105 kwa siku, akifika 81 anapumzika siku nne kamili, na kila mwaka apate angalau miezi minne bila kurusha mashindanoni, miwili au mitatu kati ya hiyo ikiwa mfululizo bila kurusha kabisa. Hesabu ujumlishe ya shule na ya timu ya nje, maana kila kocha anahesabu ya kwake tu.

Mama Salim

Dada Nesi, Mungu akubariki. Nimemkalisha jana usiku baba yake alipokwenda kazini. Maumivu ni ndani ya kiwiko, tangu Agosti. Ganzi anasema "mara mojamoja", kidole cha mwisho. Hakumwambia mtu kwa sababu maskauti walikuwa wameanza kuja. Nimekosa usingizi. Nimepata miadi kwa daktari wa mifupa.

Kocha wa nje nimemwandikia kwamba hatacheza hiyo Desemba. Amejibu kwamba kuna vijana wengi wanaoitaka hiyo nafasi. Sijamjibu.

Binti Wakili, Columbus

Umefanya la maana, na kocha usimjibu kabisa, huna deni naye.

Kuhusu mshauri: msisaini wiki hii. Mtu anayewapa siku saba kwa jambo la Julai ana haraka zake. Kwa wachezaji wa chuo, shirikisho la NCAA lina kanuni kali kuhusu mawakala. Mwaka 2008 mrushaji wa Oklahoma State, Andy Oliver, alisimamishwa kwa sababu wakili alikuwepo kwenye mazungumzo yake na Minnesota Twins baada ya kuchaguliwa kutoka sekondari. Alikwenda mahakamani, mwaka 2009 NCAA wakamlipa dola 750,000 kumaliza kesi. Tangu hapo kanuni zimelegezwa kwa vijana wa sekondari, lakini bado zina masharti: wakala alipwe kwa kiwango cha kawaida, na uhusiano uishe kabla kijana hajaanza chuo akiamua kwenda.

Fanya hivi. Iandikie barua pepe ofisi ya chuo inayosimamia kanuni, uwatumie hiyo karatasi na uwaulize kama inaathiri uhalali wa mtoto kucheza. Majibu yawe ya maandishi. Uliza kama huyo bwana ana kibali cha chama cha wachezaji, MLBPA. Angalia asilimia anayokata, na kama anaikata hata kwenye zile pesa za masomo. Asiwanunulie chochote: tiketi, glavu, chakula cha familia nzima. Hiyo ndiyo inawaponza watoto.

Na chuo nacho kihojiwe vilevile, wazazi wengi wanakiogopa. Tangu makubaliano ya mahakama ya 2025, kikomo cha zamani cha ufadhili kamili 11.7 wa kugawana timu nzima ya besiboli kimeondolewa kwa vyuo vilivyojiunga, badala yake kikosi kina kikomo cha wachezaji 34. Kwa hiyo muulizeni kocha wa chuo: ufadhili ni wa miaka mingapi, umeandikwa wapi, na akiumia mkono mwaka wa kwanza mnamhifadhi kwenye hao 34 au mnamtafutia pa kwenda? Sikilizeni anavyojibu hilo la mwisho.

Njeri wa Atlanta

Mama Salim, pole sana na hongera pia. Niongee kama mzazi ambaye mtoto wake alipitia. Wetu alisaini akitoka shule, raundi za chini, na sijutii wala simshauri mtu. Nataka tu mjue maisha yenyewe yalivyo, kwa sababu skauti hatawaambia.

Hawendi kwenye ule uwanja mnaouona kwenye TV. Wanaanzia kambini Florida au Arizona, kwenye joto, bila watazamaji. Mshahara umepanda tangu wachezaji wa ligi ndogo, zile za chini ya ligi kuu, walipopata mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka 2023: mwaka huo kambini ilikuwa dola 19,800 kwa mwaka, Single-A, ngazi inayofuata, 26,200, na Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, 35,800. Malazi timu inatoa, hiyo ni afueni kubwa kuliko zamani. Lakini hiyo bonasi ya kusaini ndiyo inayowabeba miaka yote hiyo, na serikali kuu inakata kodi yake kwanza. Mkilipia nyumba nayo, mtoto atakula nini akiwa na miaka 20?

Kilichotuuma zaidi ni upweke. Kijana wa miaka 18, asubuhi anaambiwa ameachwa, jioni yuko kwenye ndege. Aliyeenda chuo akiachwa na timu ana shahada au nusu ya shahada, ana marafiki. Wetu alirudi nyumbani akakaa kimya muda mrefu. Sasa anasoma, zile semesta zilizokuwa kwenye mkataba zimemsaidia sana. Hapo Fundi Kasongo amesema ukweli.

Na msiwatajie namba watu wa nyumbani. Ikifika Tanga itakuwa mara kumi.

Mjomba wa Phoenix

Njeri asante kwa kusema hayo.

Niongeze mifano, kwa sababu kijana anaweza kusikia zaidi akitajiwa wenzake. Gerrit Cole alichaguliwa na Yankees raundi ya kwanza 2008 akitoka sekondari, akakataa, akaenda chuo cha UCLA. Mwaka 2011 Pirates wakamchagua wa kwanza kabisa kwa dola milioni 8. Paul Skenes hakuchaguliwa kabisa alipomaliza sekondari. Alianzia chuo cha Jeshi la Anga akiwa mdakaji na mrushaji, akahamia LSU, mwaka 2023 akawa namba moja kwa dola milioni 9.2. Jacob deGrom alikuwa anacheza shotistopu, nafasi ya ulinzi uwanjani, katika chuo cha Stetson, akachukuliwa raundi ya 9 mwaka 2010, akafanyiwa Tommy John mwaka huohuo, na bado akaja kushinda Cy Young mbili, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka.

Upande wa pili, Brien Taylor. Namba moja wa 1991, Yankees wakampa dola milioni 1.55 akitoka sekondari ya North Carolina. Bega likaumia kwenye ugomvi mwaka 1993, hakucheza ligi kuu hata mchezo mmoja. Hapo Fundi ana hoja: zile pesa alizipata. Kwa pesa ya kiwango hicho hata mimi ningesema asaini. Kwa 150,000, hapana. Chuo kizuri cha miaka minne ukikilipia mwenyewe kinaweza kuzidi hapo.

Na wa Afrika ni huyu wa huku kwetu: Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alikuja Arizona akiwa kijana, Cubs wakamchukua raundi ya 5 mwaka 2011 akitoka sekondari ya Scottsdale. Unajua alipanda lini ligi kuu? 2019, na Seattle. Miaka minane! Alikuwa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika pale. Salim aisome njia ya huyu, siyo ya Skenes peke yake.

Ssalongo

Mimi ni wa Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. Huyu kijana ana bahati ya kuwa na mlango wa pili. Vijana wetu Uganda hawaingii drafti, wao wanasajiliwa kama wa kimataifa, na mlango wao ni huo mmoja. Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Dodgers 2022, David Matoma, mrushaji, alisaini na Pirates. Hakuna chuo kilichokuwa kinawangojea. Wakati timu yetu ya watoto kutoka Lugazi ilipofika Williamsport, kwenye mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, tulilia. Mwambie Salim tunamfuatilia, na apone.

Mama Salim

Wapendwa, narudi na habari. Daktari amepiga MRI. Ligamenti haijakatika. Imevimba, na mshipa wa fahamu unaopita pale umechokozwa. Hakuna kurusha mpaka mwisho wa Januari, anafanya fiziotherapia ya bega na mgongo, halafu anaanza kurusha taratibu kwa ratiba ya maandishi. Daktari anasema angeendelea na mashindano ya Desemba, angekuwa anazungumza nasi lugha nyingine.

Salim hakunisemesha kwa muda. Aliniambia nimemharibia. Baba yake ndiye aliyekaa naye, na nilishangaa, maana nilidhani yeye ndiye atakayesema acheze. Alimwambia nyumba ni deni la baba, halijawahi kuwa deni la mkono wako. Tumeandika namba yetu, watatu, iko juu ya 150,000 kwa mbali, na semesta nane ndani. Chini ya hapo ni chuo. Mshauri tumemrudishia karatasi yake. Kocha wa chuo nilimpigia mwenyewe nikamweleza kiwiko. Alisema ufadhili uko palepale na akaomba ripoti ya daktari ili mtu wao wa mikono aione. Nimemwomba aandike, ameandika.

Swali langu moja limebaki. Maskauti watarudi Februari msimu ukianza. Tuwaambie, au tungoje waulize?

Mjomba wa Phoenix

Alhamdulillah. Hongera kwa baba yake.

Waambieni. Wote, siku moja, maneno yaleyale: aliumwa kiwiko kwa ndani, alipigwa MRI tarehe fulani, ligamenti nzima, alipumzishwa, anafuata ratiba hii. Picha zitaonekana tu, kwa sababu kabla ya kusaini timu inampima. Mwaka 2014 Houston walimchagua Brady Aiken wa kwanza nchi nzima, mrushaji wa sekondari kutoka San Diego. Baada ya vipimo vya kiwiko wakashusha ofa, hakusaini, na 2015 akafanyiwa Tommy John. Hakuwahi kufika ligi kuu. Pale kila mtu alikuwa anabishania picha baada ya drafti, wakati muda umeshakwisha. Nyie mna ripoti safi mapema.

Akianza kurusha, wiki za kwanza rada iwe mbali. Skauti akija akakuta anarusha maili 86 kwa ratiba ya daktari, mwonyesheni ratiba.

Dada Nesi, Minneapolis

Na ile ganzi iandikwe kwenye ripoti pia, isiachwe. Ikirudi hata mara moja akishaanza kurusha, anasimama siku hiyohiyo na mnampigia daktari, hata kama ni mchezo wa fainali. Niandikie faragha ukipata ratiba yake ya kurusha, tuipitie pamoja namba kwa namba.

Mama Salim

Nakuandikia leo usiku dada. Ratiba ninayo, na mwenyewe ameibandika mlangoni mwa chumba chake.